Mikato Mitatu kwenye Ngozi ya Idi

Siku waliyoniaga kazini, vijana wa idara ya ngozi walinipa saa ya ukutani. Nikawashukuru, ingawa mtu aliyestaafu ndiye wa mwisho kuhitaji saa. Halafu wakaniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa safari yangu ya Ulaya. Wanasema miaka yote tuliyokaa pamoja sijawahi kuisimulia, na mimi ndiye wa kwanza katika idara kupelekwa kusoma ng'ambo. Wengine walidhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu. Nitaandika, na atakayenisoma mpaka mwisho atajua kwa nini nilikuwa nainuka kitini kila mazungumzo yalipofika huko.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vimo katika faili langu, na faili lenyewe panya wameshalianza.

Nilianza kazi Temeke, siku za Mwingereza, katika banda la kukaushia ngozi la Fundi Chande. Temeke ya wakati ule ilikuwa minazi, mihogo na nyumba za udongo zilizoachana mbalimbali, na banda lilikuwa nyuma ya machinjio, mahali ambapo hakuna aliyekuja kujenga jirani. Fundi Chande alikuwa mtu wa Kilwa, mfupi, mwenye sauti ndogo. Alikuwa akikausha ngozi kivulini, zimewambwa kwenye fremu za miti, tangu Wazungu wa mifugo hawajaanza kuhubiri habari hiyo. Walipokuja kumfundisha aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akaendelea kufanya alichokuwa akifanya. Nao wakaandika kwamba amefundishika.

Siku yangu ya kwanza nilitapika mara mbili. Hakunicheka wala hakunihurumia. Alinipa kisu kisicho na ncha, kwa sababu ncha ndiyo inayotoboa ngozi, akanionyesha namna ya kukwangua mafuta bila kula nyama ya ngozi yenyewe, na namna ya kufunga kamba za katani ili ngozi ivutwe sawa kila upande. Siku ya tatu alinitandikia ngozi ya ng'ombe juu ya meza.

"Umeona nini?"

"Mchunaji alikuwa mlevi, Fundi."

"Ulimwona akinywa?"

"Hapana."

"Basi umeona nini?"

"Mkato. Hapa ubavuni."

"Sema mkato. Mengine hayo umeyatoa kichwani kwako, na kichwa chako hakijachunwa." Akageuza ngozi upande wa pili. "Sema ulichokiona kwenye ngozi. Usichokiona, nyamaza."

Alinirudishia somo hilo kwa miaka mitano, mpaka nikawa nalichoka.

Jambo jingine lazima nilieleze, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Idi ya Kuchinja ilipofika, watu wa Temeke, Kurasini, na hata wachache kutoka Kinondoni, walileta kwa Fundi ngozi za mbuzi waliowachinja. Waislamu mnajua, na wasio Waislamu wajue sasa: ngozi ya mnyama wa Idi haiuzwi, wala mchinjaji hapewi iwe ujira wake. Ni sadaka. Fundi Chande alizikausha bila kutaka chochote, na ili zisichanganyike na ngozi za biashara, kila moja aliikata mikato mitatu midogo pembeni, karibu na mguu wa nyuma wa kushoto. Zikishakauka zilipelekwa stoo ya msikiti wetu wa mtaani. Huko wazee walipewa za kuswalia, nyingine zikawambwa kwenye matari ya maulidi, na wasiojiweza wakachukua za kulalia.

Ufunguo wa stoo alikuwa nao katibu wa msikiti, Bwana Mwinyimvua. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye mwandiko uliotakiwa na mtaa mzima. Mwenye kesi alikwenda kwake, mwenye mirathi alikwenda kwake. Hata serikali ilipotangaza kwamba itapeleka kijana mmoja Uingereza kujifunza biashara ya ngozi, barua yangu ya maombi aliiandika yeye. Fundi Chande alichofanya ni kuniamsha alfajiri majuma matatu mfululizo, akanifumba macho kwa kitambaa na kunipa ngozi nizitambue kwa vidole. Nikapita mtihani. Mtaani wakasema barua ya Katibu ilikuwa nzuri mno.

Siku ya kuondoka Fundi alinipa kile kisu changu, ameshakinoa na kukifunga kwa kipande cha ngozi laini.

"Huko wana mashine, Fundi," nikamwambia.

"Mashine watakupa wao," akasema. "Hiki nakupa mie."

Mji niliopelekwa ulikuwa wa bandari, kaskazini ya Uingereza, na rangi yake ilikuwa moja tu, ya majivu. Nilipanga chumba kwa mjane aitwaye Bi Edna, ambaye wema wake ulikuwa na saa zake. Alinipikia viazi vya kuchemsha siku sita kwa juma, na siku ya saba alivioka ili nisichoke. Nilipomweleza kwamba sili nguruwe alinihurumia sana, akawa ananipa viazi viwili zaidi. Ramadhani ilinikuta majira ya joto, wakati ambapo jua la kule linagoma kuzama, na Bi Edna akamwambia jirani yake kwamba mpangaji wake ana ugonjwa wa tumbo.

Katika basi watu walikaa mbali nami. Mwanzoni nilidhani ni rangi yangu. Kisha nikadhani ni harufu ya ngozi, nikaanza kuoga mara mbili kwa siku, na Bi Edna akalalamikia maji. Waliendelea kukaa mbali. Miaka miwili sikupata kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na nadhani wao wenyewe hawakujua.

Biashara ya kule ilinishangaza zaidi ya baridi. Kwetu mnunuzi hushika, hunusa, hukunja, huapa, huondoka, kisha hurudi. Kule mabwana walisimama na vikombe vya chai mbele ya robota, furushi kubwa la ngozi ambalo halijafunguliwa, mmoja akasema neno, mwenzake akatikisa kichwa, na shehena ya meli nzima ikawa imeuzwa. Walichokuwa wakinunua ni jina. Ngozi za nchi nyingine zilikuwa na majina mazuri. Za kwetu ziliitwa "za kawaida", ziwe zimekaushwa na Fundi Chande au zimetupwa juani zikaoza, na waliozipa jina hilo hawakuwa wamezigusa.

Asubuhi nilikaa darasani, mchana nilifanya kazi ghalani chini ya mpanga madaraja ya ngozi mmoja mzee, Bwana Tom, aliyekosa vidole viwili na asiyependa maneno. Huyo nilimwelewa. Aliyenisumbua ni mwalimu wa darasani. Alikuwa na somo zima juu ya hila za wauzaji wa Kiafrika: mchanga unaofichwa kwenye mikunjo, ngozi mbovu inayowekwa katikati ya robota, maji yanayonyunyizwa ili mzigo uwe mzito. Kila alipofika hapo aliniangalia kwa upole, na darasa zima likageuka kuniangalia. Nami niliitikia kwa kichwa. Nilitaka waone kwamba mimi si wa kundi hilo. Nikaitikia kwa kichwa mwaka mzima, na mtu akiitikia jambo mwaka mzima huishia kuliamini.

Idi ya Kuchinja ya mwaka wa pili niliisherehekea kwa viazi. Siku chache baadaye, mimi na Bwana Tom tulifungua robota la ngozi za mbuzi lililotoka Dar es Salaam. Nikashika ya kwanza, na kabla sijaiangalia vidole vyangu vikapita kwenye mikato mitatu, pembeni, karibu na mguu wa nyuma wa kushoto. Nikashika ya pili, mitatu. Ya tatu, mitatu. Nikafukua mpaka chini, na nyingi zilikuwa hivyo hivyo.

"Mikato hii ni ya nini?" Bwana Tom akauliza.

"Kisu kiliteleza," nikasema.

Akaniangalia. Kisu hakitelezi mara tatu mahali pamoja. Lakini hakuwa mtu wa maneno, akaendelea na kazi.

Niliumia, vijana. Nilikuwa naona ngozi za sadaka, za watu niliowajua kwa majina, za mbuzi waliochinjwa kwa bismillahi uani kwetu Idi ya mwaka uliotangulia, zinauzwa kwa jina la "za kawaida" kwa watu wenye vikombe vya chai. Na alama ile aliyekuwa akiikata ni mtu mmoja tu. Wafanyabiashara waliopeleka robota lile walikuwa wakinunua ngozi za ng'ombe kwake. Hesabu ikajikamilisha yenyewe kichwani mwangu. Nilisikia hata sauti ya yule mwalimu.

Jumapili mchana, maduka yamefungwa na mvua inanyesha, nilikaa kwenye meza ya jikoni ya Bi Edna nikaandika barua. Nilimwandikia Katibu Mwinyimvua, kwa kuwa yeye ndiye mlinzi wa stoo na ndiye aliyeniandikia barua iliyonileta. Niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Nakumbuka kila neno, kwa bahati mbaya. "Fundi Chande anauza ngozi za sadaka huku Ulaya. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe." Nilipoifunga bahasha nilijisikia mtu mkubwa. Sikukumbuka hata mara moja kumwandikia Fundi mwenyewe nimuulize.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Katibu alinishukuru, akasema barua imesomwa mbele ya watu, jambo limemalizwa, na Temeke nzima inajivunia kijana wake. Nikaitia mfukoni mwa koti na kutembea nayo mpaka ikachanika.

Niliporudi nyumbani na cheti changu, mama yangu alilia, akanipikia wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Nikauliza habari za Fundi Chande.

"Kula kwanza," akasema.

Nikala. Nikauliza tena.

"Kashahama. Yuko Chanika huko, analima mihogo. Watu waliacha kumpelekea ngozi, baba. Hata salamu, wengine walimnyima. Si unajua mwenyewe ulichoandika?"

Nilikwenda kuliangalia banda. Fremu zilikuwa bado zimesimama, kamba zimening'inia, na kuku wa watu wanalala ndani. Nitasema kweli: nilisikitika kidogo, na kujiona shujaa zaidi.

Nikapewa kazi ya ukaguzi wa ngozi, kwa majaribio. Bwana mkubwa wa Kizungu aliyenipokea alisema jambo moja tu: mkaguzi hana mali nyingine ila neno lake, siku likitiliwa shaka arudi kwao. Akanipa muhuri na wino. Kituo changu cha kwanza kilikuwa ghala moja la mfanyabiashara, kule Kurasini, karibu na bandari. Mwezi wa pili karani wa ghala aliniletea rundo la ngozi za mbuzi nizipange madaraja. Vidole vyangu vikapita pembeni. Mikato mitatu.

Zilikuwa za zamani, zimekaa sana stoo, zina vumbi la mwaka mzima. Fundi Chande alikuwa ameshaondoka Temeke muda mrefu.

"Hizi za nani?" nikauliza.

"Za Katibu Mwinyimvua," karani akasema, anaendelea kuandika. "Huletaga kila mwaka, zile zinazobaki stoo ya msikiti. Tangu mie sijaanza kazi hapa."

"Fundi Chande hakuwa akizileta?"

"Chande? Yule akileta za ng'ombe tu. Ukimuulizia mbuzi wa Idi anakasirika, anafunga mzigo wake anaondoka."

Nilikaa juu ya robota. Karani akadhani ni joto, akaniletea maji. Ndipo nilipoelewa kwamba barua yangu nilikuwa nimemwandikia mwizi mwenyewe, nikamkabidhi mtu wa kumtwika wizi wake. Wala hakuwa na haja ya kuacha kuuza. Mwizi alikuwa ameshapatikana.

Kesho yake, Jumamosi mchana, nilipanda baiskeli kwenda Chanika. Njia ilikuwa ya mchanga, sehemu kubwa niliisukuma. Nilimkuta Fundi anapalilia, amekonda, ana kikoi na kofia ileile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama? Baridi haikukudhuru?"

Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Nikamweleza yote: robota la Ulaya, barua, rundo la Kurasini, maneno ya karani. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza Wazungu wa mifugo.

"Siku ile baada ya swala ya Ijumaa," akasema, "Katibu alisimama akasoma barua yako. Watu wakanigeukia. Nikauliza swali moja tu. Nikasema, kijana kaandika kwamba kaona? Akanionyesha pale, kwa mwandiko wako. Kwa macho yangu mwenyewe."

"Kwa nini hukukataa, Fundi? Kwa nini hukusema ni uongo?"

"Ningesemaje? Macho yako nimeyafundisha mie." Akaangalia mikono yake. "Nilikaa nikajiuliza, labda iko siku nilichanganya mzigo nisijue. Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza. Maana wewe ulikuwa husemi usichokiona."

Sijapigwa maishani mwangu kama nilivyopigwa na maneno yale, na hakuyasema kwa hasira. Laiti angeyasema kwa hasira.

Nikamwambia Ijumaa inayofuata nitasimama msikitini niseme kwamba mwizi ni Katibu.

"Ulimwona akiuza?"

"Karani kaniambia."

"Basi umeambiwa. Umeshasahau tena?" Akatikisa kichwa. "Hayo ya Katibu mwachie Mola wake na huyo karani. Mie nataka kitu kimoja. Simama useme kwamba mie hukuniona. Basi. Neno hilo moja tu, nitarudi Temeke."

Nilikitoa kisu mfukoni nimrudishie. Akakisukuma. "Kaa nacho. Mihogo haichunwi."

Ijumaa ikafika. Nilivaa kanzu mpya, nikakaa safu ya pili. Baada ya swala Katibu Mwinyimvua alinishika mkono, akaniinua mbele ya watu, akasema, "Huyu ndiye macho yetu." Wakamshukuru Mungu kwa sauti. Imamu akaniuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikawaza muhuri wangu, na majaribio ambayo hayajaisha, na bwana mkubwa atakaposikia kwamba mkaguzi wake huandika asichokiona. Nikawashukuru watu kwa dua walizoniombea safarini. Nikakaa.

Ijumaa ya pili mvua ilinyesha, nikajiambia watu watakuwa wachache. Ya tatu nilipelekwa Singida kukagua mabanda, nikakaa huko miezi mitano. Mama alipokuja kunipokea stesheni nilijua kwa sura yake. Fundi Chande alikuwa amezikwa Chanika, na waliomzika, mama alisema, walitosha tu kubeba jeneza. Kutoka Temeke hakwenda mtu.

Baada yake nikawa najiambia kwamba neno halina faida tena, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Na majaribio yakaisha, nikathibitishwa. Katibu Mwinyimvua alifariki miaka mingi baadaye, mtaa ukafunga maduka, na jeneza lake nililibeba na mimi, bega la kulia.

Hiyo ndiyo Ulaya yangu. Mengine niliyojifunza kule, namna ya kupima unyevu, namna ya kufunga robota, dawa za wadudu, yamo katika vitabu vyenu na yameandikwa vizuri kuliko ningeweza. Lakini ukutani ofisini kwenu mmebandika karatasi yenye maneno niliyokuwa nikiwaambia kila siku: sema ulichokiona kwenye ngozi. Wageni wakija mnawaambia ni somo mzee wetu alilolileta Ulaya, nami nilikuwa nakaa pale nimenyamaza nikiwasikia. Si la Ulaya. Ni la Temeke, la nyuma ya machinjio, la Fundi Chande wa Kilwa, na mimi niliyefundishwa kwa miaka mitano ndiye niliyelivunja. Pigeni chapa karatasi nyingine, muweke jina lake.

Na kwa kuwa maisha yangu yote nimeandika ripoti za ukaguzi, acheni niandike hii ya mwisho kama alivyotaka iandikwe. Katika ghala la ng'ambo nilikagua robota moja la ngozi za mbuzi kutoka Dar es Salaam. Nilichokiona ni mikato mitatu, pembeni, karibu na mguu wa nyuma wa kushoto. Fundi Chande akiuza, sikumwona.